Safari ya Pomboo, Familia ya Batholomeo

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeamua. Tunakwenda Dar es Salaam, familia nzima, kwenye Bustani ya Maji ya Pomboo. Uamuzi nimeufanya dukani, kati ya mteja wa kutoa kopi na mteja wa bahasha, na sijutii.

Sababu ya kwanza ni Oliva. Binti yangu amemaliza darasa la saba, Januari anakwenda bweni Njombe, na tangu amalize mtihani haongei nami zaidi ya shikamoo na ndiyo baba. Mama yake anasema ni umri. Mimi nasema ni kukosa burudani. Mtoto akiteleza na baba yake kutoka juu kabisa hadi kwenye maji, lazima ataongea.

Sababu ya pili ni shemeji Amedeus. Ni kaka wa mke wangu, anakaa Ruhuwiko hapa Songea, anauza mitumba, ana gari aina ya Noah. Mwaka jana aliipeleka familia yake hapo hapo Pomboo, na hadi leo picha yake akiwa na miwani ya jua ndiyo picha ya kundi la WhatsApp la ukoo. Kila nikifungua simu kumpa mtu pole ya msiba, namwona Amedeus anacheka.

Jioni nikatangaza mezani. Tadei, mwenye miaka saba, alitoka nje akakimbia kuizunguka nyumba. Oliva alisema sawa baba. Evaline, mke wangu, ni muuguzi na amepata likizo yake ya mwaka. Aliuliza kama nimemuuliza mtu yeyote aliyewahi kufika. Nikamwambia nimeangalia video. Akauliza kwa nini Desemba. Hapo ndipo nilipomfungulia akili yangu. Desemba watu wa Dar wote wanakwenda mikoani kula Krismasi. Sisi tunakwenda kinyume chao. Bustani itakuwa tupu.

Evaline alinitazama, akaendelea kumenya chungwa. Nadhani alikuwa anastaajabu.

Jumapili, 8 Desemba

Amedeus amenidaka nje ya kanisa baada ya misa. Habari zimeshamfikia. Alisema ana ushauri mdogo, wa bure. Nikamshukuru, nikasema tumeshajipanga. Akasema basi walau hili moja, kuhusu siku ya kwenda. Nikamwambia shemeji, mimi nauza kalenda.

Alicheka. Acha acheke.

Tatizo limeanzia nyumbani. Mama mkwe wangu, Bibi Ursula, yuko kwetu hapa Mjimwema tangu juzi. Ametoka Hanga kuja kupima macho. Macho yana matatizo, masikio hayana. Wakati wa chakula alisema na yeye anakwenda.

Sina ubaya na mama. Ila ratiba yangu ni ya kasi na yeye magoti yanamsumbua. Nikamwendea taratibu. Nikamweleza joto la Dar. Akasema magoti yake yanataka joto. Nikamweleza mbu. Akasema kwani Hanga hakuna. Nikamweleza kwamba maji yenyewe ya bahari ni ya chumvi, hayanyweki. Akasema tangu msichana anasimuliwa habari za bahari na watu waliokwenda kulima mkonge, wote wamekufa, na yeye hajaiona. Alikuwa akimwombea mmoja wa watoto wake Mungu amguse. Mungu amemgusa mkwe.

Nikasema karibu, mama.

Jumatano, 11 Desemba

Wazo kubwa limenijia nikiwa napiga mswaki. Fulana za familia. Rangi ya chungwa, ili tusipotezane, na maandishi kifuani. Amedeus hakuwa na fulana.

Nilimwandikia Saimon, kijana anayechapisha fulana nyuma ya soko, maneno kwenye karatasi: FAMILIA YA BATHOLOMEO, SAFARI YA POMBOO. Leo mchana nimezichukua. Zimekunjwa vizuri, zimefungwa kwenye mfuko. Nikazifungua mbele ya familia nzima, sebuleni, kwa mbwembwe.

FAMILIA YA BATHOLOMEO, SAFARI YA POMBE.

Tadei ndiye aliyesoma kwa sauti, silabi kwa silabi, maana sasa anajua kusoma.

Nimerudi kwa Saimon mbio. Yeye kazaliwa hapa hapa Songea, hajawahi kusikia samaki anaitwa pomboo, akajua nimekosea kuandika. Alisema alinirekebishia kwa nia njema. Nikamweleza kwamba kati ya fulana hizo kuna ya Bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake wakatoliki, anayebeba bendera kwenye maandamano ya Ekaristi. Akasema anaweza kuchapa upya wiki ya tarehe ishirini na tatu. Tutakuwa tumesharudi.

Mama mkwe ameamua yake ataivaa ndani nje. Evaline amesema yake ataivaa siku nitakapofariki.

Ijumaa, 13 Desemba

Gesti imepatikana. Iko Mbagala. Nimeitafuta mwenyewe kwenye simu. Kwenye ramani, kati ya gesti na bustani ni upana wa vidole viwili tu. Mwenye gesti nilipompigia nikamuuliza kama ni karibu na Pomboo, akasema Dar yote ni mji mmoja. Jibu zuri.

Tiketi za kwenda nimekata. Za kurudi sijakata, na hii ni mbinu. Ukiwa kulekule stendi unachagua basi lenye viti vizuri. Ukikata mapema unapewa siti ya juu ya tairi.

Ratiba nayo imekamilika. Nimeichapa dukani na kuilamineti. Kuamka, kuoga, kifungua kinywa, safari, mtelezo wa kwanza, mtelezo wa pili, mapumziko mafupi, picha, mtelezo mkubwa. Oliva ameisoma akauliza haja ndogo iko wapi. Nimeiongeza kwa kalamu.

Mama mkwe anakaanga kuku. Nimemwambia huko kuna chakula. Akasema chakula cha watu usiowajua. Ndoo ya mfuniko imejaa kuku, mihogo na karanga. Inanukia hadi kwa jirani.

Jumatatu, 16 Desemba

Sijaandika jana kwa sababu jana yote ilikuwa barabara. Tumeondoka Songea kabla ya jua na tumeingia gesti watoto wakiwa wamelala begani. Tadei alitapika Makambako, akatapika Iringa, Mikumi akawa hana cha kutapika akaanza kuuliza kama wale swala wanajua kuogelea. Fulana yangu ya chungwa imepata doa la kudumu. Bahati nzuri limefunika katikati ya neno lenyewe.

Leo ndiyo siku yenyewe. Tulitoka Mbagala alfajiri, nyuso zimeoshwa, ratiba mkononi. Vidole viwili kwenye ramani ni mji mzima wa Dar es Salaam. Tulibadilisha gari, tukabadilisha tena, kisha bajaji mbili. Kifungua kinywa tulikula tumesimama. Jua lilikuwa juu ya utosi tulipofika kwenye geti lenye sanamu ya samaki anayetabasamu.

Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, jina lake Biasha, alitoka kibandani akamwamkia mama mkwe kwanza. Kisha akasema poleni. Jumatatu bustani haifunguliwi, wanasafisha mabwawa. Imeandikwa hapo. Akaonyesha bango. Bango lilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu.

Simu ya Evaline ikalia. Alikuwa Amedeus, anauliza tumefikaje. Nilimsikia akicheka hadi nikiwa upande wa pili wa barabara. Ushauri wa siku ya kwenda, kumbe, ulikuwa huo.

Niliiambia familia kwamba leo ilikuwa siku ya kukagua mazingira. Nikakaa kivulini kutafuta kwenye simu njia fupi ya kurudi Mbagala.

Biasha ndiye aliyemwambia mama mkwe kwamba ufukwe wa wazi uko hapo nyuma, unapita uchochoro wa minazi. Wakaenda. Mimi nikabaki na ndoo na simu. Nilipowafuata nikamkuta mama mkwe amesimama ndani ya maji hadi magotini, kanga ameikunja, viatu ameshika mkononi. Mawimbi yanakuja yanamsukuma, anarudi palepale. Nilidhani anasali. Kisha akainama, akachota maji kiganjani, akaonja, akatema.

Akasema, “Aliyepika hii alikuwa na hasira.”

Oliva akacheka. Si kutabasamu, kucheka, hadi akakaa kwenye mchanga na sketi yake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa nane. Nilitaka kupiga picha lakini simu ilikuwa bado inatafuta njia ya Mbagala, ikakwama.

Jumanne, 17 Desemba

Nitaandika yote, ingawa mgongo unauma.

Bustani haikuwa tupu. Watu wa Dar hawajaondoka. Wanaondoka kuanzia mwisho wa wiki hii, Biasha aliniambia, na kabla ya kuondoka huwaleta watoto wao Pomboo kuwaaga. Foleni ya kuingia ilipita sanamu ya samaki, ikapita kibanda, ikakata kona. Kanisa moja la Temeke lilikuwa limeleta watoto wa shule ya Jumapili, wote wana fulana za rangi ya chungwa. Tadei alipotea mara moja. Tulimkuta kwenye foleni yao, anagawiwa juisi.

Mlangoni, marufuku kuingiza chakula. Nilikuwa nimeliona bango hilo jana kwa hiyo nilijiandaa. Baadhi ya kuku, waliokaangwa upya gesti jana usiku, nimewafunga kwenye mfuko, mfuko nimeuzungushia taulo, taulo nimelipakia ndani ya boya la Tadei lisilojazwa upepo. Biasha alinusa tu. Hakunigusa hata. Alisema baba, boya lako limeungwa vitunguu. Kabla sijajitetea mama mkwe akasogea, akafunua ndoo yake hadharani, akawakaribisha walinzi wote kibandani. Wakala. Wakasifu. Tukaruhusiwa kutoka na kuingia tutakavyo kula kibandani pamoja nao. Mimi na boya langu tuliandikishwa kwenye daftari la makosa.

Kisha nguo. Huingii majini na fulana ya pamba wala suruali ya kitambaa, lazima nguo maalumu. Za kukodi zipo. Evaline na Oliva walikuja na zao, walishasoma kwenye mtandao, hawakuniambia kwa sababu, walisema, nilionekana nina furaha. Mimi nilipewa kaptura ya mwisho iliyobaki. Ilikuwa ya rangi ya zambarau na ilikuwa ya mtu mwenye mwili wa Oliva.

Tadei akapelekwa kwenye kijiti cha kupimia urefu cha mtelezo mkubwa. Kichwa hakikufika. Nikamwambia asimame kwa vidole. Msimamizi akasema visigino chini. Nikamwambia Tadei avute pumzi. Msimamizi akasema pumzi haiongezi urefu. Nikajaribu kumpandisha nywele kwa maji. Foleni yote ikawa inatuangalia. Tadei akalia, akasema hataki hata huo mtelezo, anataka bwawa dogo lenye uyoga unaomwaga maji. Mama yake akampeleka. Alikaa humo hadi jioni, ngozi ya vidole ikakunjamana, ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote niliowahi kuwaona.

Nikabaki mimi na Oliva. Hii ndiyo ilikuwa shabaha yangu yote. Nikamwambia twende, mimi na wewe, mtelezo mkubwa. Akasema baba si lazima. Nikasema ni lazima, iko kwenye ratiba.

Ngazi za kupanda ni za chuma, unaona chini katikati ya nafasi zake. Video haikuonyesha hivyo. Nilipanda nikiongea. Nilimweleza Oliva mambo ya shule, ya bidii, ya kuchagua marafiki, na kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyoongea haraka. Tulipofika juu Oliva alitangulia. Alikaa, akashika pua, akaenda. Nikasikia sauti yake ikipungua huko chini.

Zamu yangu. Nikakaa. Maji yanapita chini yako yanakusukuma kidogo kidogo. Nikaangalia mbele. Hakuna mbele. Nikashika kingo.

Msimamizi alisema baba achia. Nikamwambia subiri. Akasema wapo wanaosubiri. Nyuma yangu walikuwa watoto wa Temeke, wamepanga mstari hadi chini, wakaanza kunihesabia kwa pamoja, moja, mbili, tatu. Walifika tatu mara nyingi sana. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani wa kutia moyo. Mikono yangu ilikataa. Mwishowe msimamizi akanivuta kwapani, akaniweka pembeni kwenye ubao, watoto wakapita mmoja mmoja wakinipa pole.

Nilikuwa nimekaa hapo, kaptura ya zambarau imenibana, siwezi kuteleza na siwezi kushuka ngazi kwa sababu ngazi zinaonyesha chini. Ndipo Oliva akapanda tena. Amelowa, anahema. Alipenya katikati ya foleni akisema samahani, samahani, ni baba yangu. Mtoto mwingine angesema hanijui.

Akanyoosha mkono. “Baba, tushuke tu. Hakuna anayetuangalia.”

Watu wote walikuwa wanatuangalia.

Tukashuka. Yeye mbele, anarudi kinyumenyume, ameshika mikono yangu yote miwili, ananiambia nimtazame yeye usoni. Katikati palikuwa na sehemu pana ya kupumzikia, tukakaa. Nikamwambia asimwambie mjomba wake. Akasema hatamwambia. Tukakaa tena. Watu wanapanda wanatupita.

Kisha akasema, bila kunitazama, “Na mimi naogopa, baba.”

Nikamwambia mbona umeshateleza.

“Naogopa Njombe.”

Akaniambia yote. Hajawahi kulala mahali ambapo mama yake hayupo. Anaogopa baridi, anaogopa kuamka usiku na kukuta kila mtu amelala. Anaogopa tutazoea kukaa na Tadei peke yake na nyumba itakuwa sawa tu bila yeye. Alikuwa amekaa kimya miezi yote hiyo kwa sababu mimi nilifurahi sana alipochaguliwa, nikatangaza hadi dukani, nikabandika jina lake dirishani. Hakutaka kuniharibia.

Nikamwambia nyumba haiwezi kuwa sawa. Nikamwambia mimi nilipopelekwa bweni nilijificha chini ya kitanda cha bibi yangu hadi basi likaondoka, ikabidi nipelekwe kwa baiskeli. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Alicheka, akafuta pua. Nikamwambia kama anataka nitamtengenezea ratiba ya wiki ya kwanza. Akasema hapana baba, tafadhali.

Tulikuwa bado tumekaa pale tuliposikia kelele chini. Watoto wa Temeke wanapiga makofi. Mtu anashuka kwenye mtelezo mkubwa, mikono juu, amevaa nguo za kukodi za mikono mirefu na kitambaa kichwani. Akaingia majini kama gunia. Akaibuka. Alikuwa Bibi Ursula. Biasha alimpitisha ngazi za nyuma za wafanyakazi ili magoti yasipate shida ya foleni. Akarudi tena. Akarudi tena na tena, hadi wasimamizi wakawa wanamwita bibi yetu.

Evaline aliniuliza baadaye kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikasema ni dawa ya maji.

Alhamisi, 19 Desemba

Mabasi yamejaa. Yote. Watu wote wa Dar, wale ambao hawakuwa wameondoka, sasa wanaondoka, na wanaondoka kwa upande wangu. Nimezunguka stendi kutoka dirisha hadi dirisha. Dada wa dirisha moja aliangalia kompyuta yake akasema kuna nafasi baada ya Krismasi. Akauliza kwa nini sikukata ya kurudi siku nilipokata ya kuja. Nikamweleza mbinu ya siti ya tairi. Akamwita mwenzake aje asikie.

Gesti inatutaka tuondoke kesho. Evaline amekaa juu ya begi. Alinyanyua simu akampigia kaka yake.

Amedeus yuko Dar. Amekuja jana na Noah yake kuchukua marobota ya mitumba ya sikukuu. Anaondoka kesho. Alisema nafasi ipo, tukikubali kukaa na marobota.

Nikamwambia Evaline labda tujaribu treni. Akasema hakuna treni ya Songea. Nikamwambia najua, nilikuwa nafikiri kwa sauti.

Jumamosi, 21 Desemba

Tumelala Iringa, sasa tunaendelea. Naandika nikiwa nyuma kabisa, juu ya robota la masweta. Mama mkwe amekaa mbele. Amedeus anaendesha na anashauri. Ameshamaliza suala la siku, la gesti, la tiketi, la nguo, na sasa amefika kwenye urefu wa watoto. Yote aliyafanya yeye makosa hayo mwaka jana, anasema. Alikwenda Jumatatu. Alikaa Mbagala.

Nikamuuliza na mtelezo mkubwa je. Akabadilisha gia. Mama mkwe akageuka, akasema wajukuu walishamsimulia, mwaka jana baba yao alishushwa na wasimamizi wawili huku amefumba macho, miwani ya jua alivalishwa baadaye. Noah yote ilicheka, na Amedeus mwenyewe, na mimi nikacheka hadi robota likateleza.

Namalizia nikiwa nyumbani. Njombe kulikuwa na ukungu. Oliva alimwomba mjomba wake apite shuleni. Nilikuwa naanza kusema tutachelewa, Evaline akanikanyaga. Geti lilikuwa wazi. Mlezi wa bweni, mwanamke mrefu aliyekuwa anaanika mablanketi, alimwonyesha Oliva kitanda kilicho karibu na dirisha, akamwambia akiwahi siku ya kuripoti atakipata. Oliva alikaa juu yake. Akaruka kidogo kupima springi. Mama mkwe akafungua blanketi, akalikagua, akatikisa kichwa kukubali. Amedeus alifungua robota, akachambua, akampa Oliva sweta zito la kijani. Hakutaka chochote. Ila aliomba fulana ya chungwa moja. Nikampa yangu, yenye doa.

Kwenye gari Oliva alivaa sweta akalala na kichwa chake begani kwangu. Sikujitikisa hadi Songea. Mkono ulikufa ganzi Madaba.

Jumapili, 22 Desemba

Picha ya kundi la ukoo imebadilika. Ni Amedeus na fulana, SAFARI YA PO, doa, kisha E. Watu wote wameimalizia wenyewe. Baada ya misa mwenyekiti wa jumuiya alinivuta pembeni akaniuliza kama kuna jambo nyumbani ninalohitaji kuombewa.

Mama mkwe alikuwa amezungukwa na wanawake wenzake nje ya kanisa, mikono juu, anawaonyesha namna ya kushuka.

Jumapili, 12 Januari

Tumempeleka Oliva jana, kwa Noah ya Amedeus. Tuliwahi. Kitanda cha dirishani amekipata. Hakulia hadi alipomkumbatia Tadei, na Tadei alilia kwa sababu alidhani dada yake angerudi na sisi. Mimi nilikaa imara, kisha nilikwenda kuangalia tairi la nyuma kwa muda mrefu. Amedeus alikuja akaliangalia na mimi.

Nyumba ni kimya. Leo nimefungua duka ingawa ni Jumapili, ili tu kusikia mashine ya kopi.

Nimefikiri sana kuhusu safari ile na nimeona wapi tulikosea. Dar ni mbali, na kuna watu. Basi. Kila kitu kingine kilikwenda vizuri.

Pasaka Oliva atakuwa likizo. Tutakwenda Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, tukalale kwenye hema mchangani. Mwezi wa nne mvua inawatisha wengine wote, kwa hiyo ufukwe mzima utakuwa wetu. Hema nimeshaagiza. Muuzaji ameandika ni la watu wawili, lakini sisi hatuna miili mikubwa.

Familia sijawaambia bado. Nitawaambia wakishapanda gari.